Bluu Iliyobaki Chini ya Kiti

Bhoke mwanangu,

Shuleni kwetu mwalimu alitufundisha kwamba barua huanza kwa kumwuliza hali yule unayemwandikia. Hali yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi kwenda kumuaga bibi yako, umevaa viatu vipya vinavyokubana na hutaki kukiri, na bibi hatakuachia uondoke kabla hujala. Kwa hiyo nina muda mpaka jua lishuke nyuma ya stoo ya kijiji. Hii ni mara ya nne ninakaa mezani. Mara ya kwanza niliinuka kwenda kutazama kama kuku wana maji. Mara ya pili nilikwenda kukaza kamba ya sanduku lako, ingawa uliikaza mwenyewe jana. Mara ya tatu sikumbuki nilikwenda kufanya nini. Nilisimama tu uani.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kufunga mlango, ya kuwaamkia wazee wa Genkuru hata wale wasioitikia, sitayaandika. Hayo umeyasikia tangu ulipoanza kutembea. Ninataka kukuandikia habari za viti.

Ulipopokea karatasi inayosema utakwenda kufundisha Genkuru katika mpango huu wa UPE, wa kila mtoto asome, niliisoma ikaniponyoka, nawe ukanishika bega ukasema, "Mama, Tarime si mbali, ni kuvuka mto tu." Ulidhani ninaogopa umbali. Nilikuacha udhani hivyo. Wiki mbili hizi umeniona nikiamka mapema, nikikwangua kiti kile cha zamani kwa kipande cha chupa na kukisugua kwa msasa mpaka vidole vikachubuka, ukacheka ukasema, "Mwalimu wa UPE anaandaliwa kiti kama cha chifu!" Kiti ni chako, ni kweli. Lakini si kwa ajili yako tu nilikuwa ninakwangua.

Ulikuwa na miaka saba. Kijiji chetu kilikuwa bado kipya, nyumba zimepangwa mstari mmoja na miti haijakua. Mimi nilikuwa mwanamke pekee hapa aliyesoma mpaka darasa la nane, kwa hiyo ufunguo wa stoo ya kijiji nilikabidhiwa mimi. Nilijivuna nao. Niliuvaa shingoni kama msalaba, juu ya gauni, uonekane. Mwaka huo bwana shamba wetu, Mhaya mmoja mpole, alihamishiwa mkoa mwingine, na kama wafanyakazi wote wa serikali wanavyofanya wakihamishwa, aliuza vitu vyake vizito. Nilichukua viti vinne kwa madebe mawili ya ulezi. Viti vyenyewe vilikuwa vimechoka. Mikono ilikuwa imelika kwa jasho la watu, kimoja kilikuwa na mguu ulioguswa na mchwa, na kingine kilikuwa na duara jeusi la sufuria. Bwana shamba aliniongezea na kopo la rangi ya bluu, nusu, ambayo hakuwa na kazi nayo tena.

Halafu tukaambiwa kwamba wageni wa wilaya watakuja kutazama shamba letu la ujamaa la pamba. Mwenyekiti akasema mbele ya watu wote, "Chakula watakula kwa Ghati. Kwake kuna viti. Kwingine tutawakalisha kwenye vigoda kama watoto." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Niliona ile alama ya sufuria.

Siku ya pili yake nilikwenda Mugumu. Pale palikuwa na Fundi Salumu, mtu wa pwani, ambaye hata leo bado yupo, ila sasa ana mvi. Alikuwa na mashine ya upepo, na kwa mashine hiyo alipulizia rangi milango ya malori. Siku hiyo alikuwa anapulizia kabati la mtu. Nilisimama nikaangalia. Rangi ilitoka kama pumzi asubuhi ya baridi, ikatua, na pale ilipotua uzee wote ukaondoka. Hakukuwa na alama za brashi wala michirizi. Nilimwonyesha kiti kilichokuwa kimekwisha kukauka pembeni.

"Hiki ni kipya?"

"Kina umri mkubwa kuliko wewe, mama. Nimekiogesha, nimekisugua, nimekiziba mashimo, nimekikausha. Rangi ni kazi ya mwisho, na ndiyo ndogo."

"Viti vinne vitachukua siku ngapi?"

"Tano. Mvua ikiingilia, saba."

"Wageni wanakuja keshokutwa."

"Basi wakalie hivyo hivyo," akasema, bila kuacha kazi yake. "Makalio hayana macho."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika. Sijui nilimkasirikia nani. Njia nzima niliwaza ile pumzi ya rangi, na nilipofika kwenye stoo nikaona mabomba mawili ya mgongoni ya kupulizia dawa ya pamba yananing'inia ukutani, na ufunguo uko shingoni mwangu.

Haya mengine uliyaona kwa macho yako, lakini nataka uyasome kutoka kwangu. Kesho yake watu walikwenda shambani. Mimi nilisema una homa. Hukuwa na homa. Nilichukua bomba moja, nikachanganya rangi na mafuta ya taa iwe nyepesi, nikaweka viti nyuma ya nyumba. Sikuvisugua. Nilivipangusa tu vumbi kwa kanga. Bomba lilikohoa mara mbili, halafu likatoa ukungu, nawe ukapiga makofi ukasema, "Mama, unavinyeshea mvua ya bluu!" Bhoke, sitakudanganya, ile ilikuwa saa ya furaha kubwa katika maisha yangu. Nilirudia mara tatu, nne, nene juu ya nene, kwa sababu alama ya sufuria ilikuwa bado inachungulia.

Kisha nikaosha bomba kwa maji. Rangi ya mafuta, kwa maji! Mimi niliyesoma mpaka darasa la nane. Maji yalitoka ya bluu, halafu yakatoka meupe, nikaridhika, nikalirudisha ukutani. Nilikuinamia nikakuambia, "Ukiulizwa, sema nilipaka kwa brashi ya shule." Ukarudia vizuri kabisa: brashi ya shule. Ulikuwa mtoto mwepesi wa kushika.

Wageni walikuja. Walikaa, wakala, wakasifu viti. Kisha mgeni mkubwa, aliyevaa suruali nyeupe, akasimama kutoa hotuba, akageuka kuonyesha shamba kwa mkono, na sisi sote tukaona mistari miwili ya bluu imevuka nyuma ya suruali. Rangi ilikuwa haijakauka ndani. Wanawake walikimbilia jikoni kucheka. Mama mmoja aliniambia, "Ghati, umempiga mgeni chapa kama ng'ombe! Sasa hata akipotea tutamjua ni wetu." Mgeni mwenyewe alipojua alicheka pia. Na kama mambo yangeishia kwenye ile suruali, leo ningekuwa ninakuandikia kichekesho.

Wiki mbili baadaye funza waliingia kwenye pamba. Mpulizaji wa kijiji alikuwa mzee Nyamhanga. Unamkumbuka? Nadhani unamkumbuka zaidi ya unavyosema. Mrefu, mpole wa maneno, alilibeba lile bomba kana kwamba amebeba mtoto, na kila jioni alilirudisha stoo limekauka na kung'aa. Asubuhi hiyo alilivaa, akapampu, na dawa haikutoka. Akapampu tena. Mpira ukavimba ukapasuka. Bomba la pili peke yake halikutosha shamba lile. Kabla dawa haijamalizika kupigwa, funza walikuwa wameingia ndani ya vitumba, na nusu ya pamba ya mwaka ule tuliiona ikianguka.

Mkutano uliitishwa. Mwenyekiti aliliweka bomba mezani akasema, "Hiki ni chombo cha umma. Nani alikuwa na dhamana nacho?" Watu wote wakamtazama Nyamhanga. Mmoja akapaza sauti, "Dawa umeiacha ikaganda, mzee! Ulikwenda kunywa pombe ukalisahau!" Mwingine akasema huenda hapendi ujamaa. Maneno hayo wakati ule hayakuwa ya mchezo. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa wanawake, ufunguo shingoni. Nilingoja aseme, "Muulizeni mwenye stoo." Alisimama, akaangalia chini, akasema, "Kama limeziba mikononi mwangu, limeziba mikononi mwangu." Akakaa.

Asubuhi iliyofuata nilikuta kitu kwenye kizingiti cha stoo, kimefungwa kwenye jani la mgomba. Kilikuwa ni kile kichwa cha bomba, pale dawa inapotokea. Alikuwa amekifungua. Ndani, kwenye kile kitundu, rangi ilikuwa imekauka ngumu kama jiwe. Bluu.

Alijua, Bhoke, hata kabla ya mkutano. Nakumbuka sasa kwamba siku mbili kabla yake alipita njiani, akasimama nje ya ua. Unafahamu desturi yetu. Rika lake lilikuwa moja na la baba wa baba yako, kwa hiyo kwangu alikuwa mkwe. Hawezi kuingia nyumbani mwangu, hawezi kukalia kiti changu, nami siwezi kusimama naye macho kwa macho nikazungumza. Na zaidi ya yote, hawezi kunivua nguo mbele ya watu, hata kwa ukweli. Lakini kwako alikuwa babu, na babu na mjukuu wanataniana wapendavyo. Ulikuwa unacheza uani. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango.

"Mke wangu," akakuita, "hujambo? Lini unakuja kunipikia?"

"Wewe mzee sana, babu. Huna meno."

"Nitameza bila kutafuna. Sasa niambie, mke wangu, viti vya mama yako vimepakwa kwa nini hata vikawa laini hivi?"

"Kwa brashi, babu."

"Brashi ya wapi?"

"Ya shule."

Kisha akasema, "Brashi ya shule hodari sana," akaenda zake. Nawe ukaingia ndani mbio, ukanitazama uone kama umesema vizuri. Nami nilikupa kipande cha muwa.

Ule muwa, mwanangu. Nimekosea mengi, lakini ule muwa ndio unaoniinua kwenye kiti kila nikikaa.

Alinyang'anywa kazi ya upulizaji. Watoto wakamwita Mzee Ziba. Siku moja nilikusikia nawe ukiimba na wenzako, "Ziba, Ziba, bomba limeziba," nikakushika mkono nikakupiga kofi. Uliniangalia kwa mshangao mpaka leo nakuona. Hukuuliza kwa nini, na mimi sikusema. Baada ya mavuno akaomba ruhusa ya kuhama akaenda kwa dada yake, Genkuru. Sasa unajua kwa nini karatasi yako iliniponyoka.

Utasema, miaka kumi yote, mama? Ndiyo. Mwanzoni nilisema nitasubiri hasira za watu zipoe. Zilipopoa nikasema, kwa nini niziwashe tena. Kisha nikawa mtu mwema. Hilo liangalie sana ukishakuwa mwalimu, maana litakujia. Nilifanya kazi ya stoo kwa uaminifu kiasi kwamba watu wakaanza kunitolea mfano. Nilifundisha wazee kusoma jioni, niliandika barua za watu, sikuchelewa hata siku moja. Kila jema lilikuwa tabaka jingine juu ya alama ile ya sufuria. Lakini chini palikuwa bado pana grisi, na rangi ikipulizwa juu ya grisi haishiki. Inangoja tu mtu aikalie.

Sikuambii haya ili ukawe na hofu ya kukosea. Utakosea. Utampiga mtoto asiye na kosa, utasahihisha hesabu vibaya mbele ya darasa zima na mtoto mmoja wa nyuma ataona. Ninachokijua ni kimoja, na nimekipata kwa gharama ya mtu mwingine: kosa likiwa bado bichi linaoshwa kwa kitambaa na mafuta ya taa. Ningesema siku ile ile, lile bomba lingepona kwa nusu saa.

Juma lililopita nilimwambia baba yako. Aliinuka kwenye kile kiti, kikiwa nusu kimekwanguliwa, akakitazama, akasema, "Miaka kumi yote nimekalia hiki." Akaenda kukaa kwenye gogo nje. Jana alirudi ndani, lakini bado hajakaa vizuri.

Viti vitatu vimekwisha, unajua, mchwa walimaliza kimoja na viwili tulivichoma wakati wa mvua kubwa. Hiki kimoja ndicho nilichokikwangua. Chini ya bluu nilikuta rangi ya kahawia ya bwana shamba, na chini ya kahawia, kijani ya mtu mwingine kabisa ambaye hatutamjua. Mchwa nao nilikuta njia yao, nikaichimba yote, nikaziba. Nilikipeleka kwa Fundi Salumu juu ya kichwa changu. Alikipapasa kote kwa kiganja, kama mtu anayepapasa ndama, akasema, "Nani amekusugulia?"

"Mimi."

"Siku ngapi?"

"Tisa."

"Nilikuambia tano, mama. Umezidisha." Akacheka. Alikuwa hajasahau. Kisha akapulizia, nyembamba, akangoja, nyembamba tena, akangoja. Rangi ya maziwa yenye chai kidogo, kama ulivyoiona. Nilimwomba jambo moja: chini ya kikalio asipulizie, na hapo mimi mwenyewe nilikuwa sijapagusa. Aliniuliza kwa nini nataka kiti chenye makosa. Nikamwambia ni alama ya mwenyewe.

Ukikigeuza utaiona, kipande cha bluu sawa na mkono wako uliofunguka.

Jumamosi kuna mkutano wa kijiji. Nimeomba nafasi ya kusema, na mwenyekiti, ambaye ni yule yule, ameniuliza kama ni habari za stoo. Nimesema ndiyo. Nitakiweka mezani kile kichwa cha bomba, kiko hapa kabatini ndani ya kitambaa tangu siku ile, na nitauvua ufunguo. Sijui watasema nini. Huenda wakaniita mimi Ziba, na watoto wataimba. Safari hii sitampiga mtu kofi. Wewe utakuwa umeshafika Genkuru, na sikutaka habari hii ikukute kwa mdomo wa abiria.

Sasa kuhusu mzee Nyamhanga. Nimehangaika sana hapa, nimeandika ukurasa mmoja nikauchana. Nilitaka kukutuma, kwa sababu yale ambayo mimi mkwe siwezi kumtamkia, wewe mjukuu unaweza. Ndivyo desturi ilivyotuachia mlango. Lakini niliwahi kukutuma kwake na neno mdomoni, ulipokuwa na miaka saba, na sitaki kukutuma tena. Kwa hiyo si agizo. Nakuambia tu yaliyopo. Barua yangu kwake nimeiandika na itapelekwa na mwalimu mkuu wa hapa, anayekwenda Tarime wiki ijayo. Humo nimeandika yote, pamoja na jina langu kamili.

Kiti ni chako. Si changu tena tangu leo, na nimeandika jina lako kwa msumari kwenye mguu wa nyuma. Katika chumba chako cha mwalimu, mgeni wako ni mgeni wako. Ikiwa siku moja atapita, na akikuita mke wangu, na wewe ukiona inafaa kumkaribisha, atakuwa amekalia kiti cha mjukuu wake, na hakuna desturi atakayoivunja. Kama atakigeuza, akigeuze. Kama hatakuja, wewe kaa, sahihisha madaftari yako.

Na kama ukiona bora kunikasirikia kwanza, unikasirikie. Nitangoja. Kukausha nimejifunza.

Mpango wangu ulikuwa niifiche barua hii sandukuni, kati ya gauni na shuka, uikute kesho ukishavuka mto. Nilikuwa nimeshatafuta hadi mahali pa kuiweka. Nilipofika hapa nimejiona: bado ninatafuta mahali pa kuficha.

Nakusikia njiani, unamwamkia jirani, na sauti yako inachechemea kama miguu yako. Bila shaka bibi amekubebesha viazi. Kiti kiko mlangoni. Utakikalia uvue hivyo viatu. Nitakuacha uvue, upumue, kisha nitakupa karatasi hizi mkononi, nami nitakaa kwenye kigoda mbele yako mpaka umalize kusoma.

Mama yako,
Ghati